Beji zinabanduka zikifuliwa, nifanyeje?

SWALI: Habari za kazi. Mi ni fundi nguo hapa Tandika, Dar, nashona yunifomu za shule. Nimenunua mashine ya presi ya moto na beji za kudarizi zenye gundi nyuma. Naweka digrii 150 kwa sekunde 12, zinashika fresh tu, ila mteja akifua shati kona zinanyanyuka, na kwenye sweta ndo balaa kabisa, inabaki alama ya mraba inang'aa. Wateja wananirudishia kila siku. Tatizo beji au mashine?

JIBU: Pole sana fundi. Kwa maelezo yako wala sioni shida ya mashine, shida ni joto halifiki kwenye gundi. Gundi ile lazima iyeyuke izame kwenye nyuzi za shati, sasa we unapiga kwa juu, na beji ya kudarizi ni nene, uzi umejaa na chini yake kuna kitambaa kizito, kwa hiyo hiyo 150 unayoiona kwenye kioo ni ya sahani ya mashine, kule chini gundi imelainika tu ikashika juu juu, maji na sabuni vikipita inaachia.

Piga kwa juu sekunde kama 15 ili beji ikae, alafu geuza shati ndani nje upige tena kwa nyuma sekunde 15 hadi 20, maana huko kitambaa ni chembamba na joto linaifikia gundi haraka. Kabla ya yote presi shati tupu sekunde 5 hivi unyevu utoke, Dar hii nguo haikauki kabisa hata ikiwa imekunjwa kabatini. Beji zinatofautiana gundi, kwa hiyo muulize aliyekuuzia digrii zake na ujaribu kwanza kwenye kipande cha kitambaa hichohicho.

Ila nikuulize, beji unaweka mfukoni? Kama ndio, mshono wa mfuko unainua sahani, kona za beji hazipati mgandamizo hata ukaze vipi, na ukipiga kwa nyuma joto linapita shati kwanza ndo lifike mfukoni. We ni fundi, una bahati ambayo wenye maduka ya kuprinti hawana: bandika beji kwenye kipande cha mfuko KABLA hujakishona kwenye shati. Kitambaa kimoja, kimelala flati, unapiga juu na chini, kisha ndo unashona mfuko wako. Hilo peke yake litakupunguzia malalamiko mengi sana.

Kingine, umeme ukiwa mdogo sahani inachelewa kurudisha joto, usipige beji mfululizo, ngoja namba irudi. Na usijaribu kona ikiwa ya moto, gundi bado laini, acha ipoe kabisa ndo uikwangue na ukucha. Mwambie mteja asifue kabla ya siku moja kupita.

Sweta za shule nyingi ni akriliki, na akriliki ikipata joto pamoja na mgandamizo nyuzi zinalala, zinang'aa, hazirudi tena hata ufue. Alafu sweta inavutika, gundi haivutiki. Huko achana na presi, shona beji kwa uzi, tafadhali. Zile zilizokwisha nyanyuka kwenye mashati suuza sabuni yote itoke, kausha, zirudie kwa nyuma, zikigoma zishone pembeni.

SWALI: Mi nipo Mwanza, naweka nembo za kijiwe kwenye rifleta za bodaboda na makoti ya mvua. Itawezekana?

JIBU: Rifleta ya poliesta inawezekana, ila ile ya wavu gundi inapenya matundu na kuganda kwenye mashine, weka karatasi ya kuokea juu na chini. Nembo ikiwa nyeupe shusha joto kadiri gundi itakavyokubali, rangi ya poliesta ikizidiwa na moto inapanda kwenye nembo, mwisho inakuwa njano au pinki. Sahani isiguse mikanda inayong'aa. Makoti ya mvua hapana kaka, yana utando wa kuzuia maji gundi haishiki, na mengine ya nailoni yatasinyaa mbele ya macho yako. Ukishona nako unatoboa matundu maji yaingie, bora nembo ikae kwenye rifleta wavae juu ya koti.