Muulize Shangazi: Nichanjwe flu na mimba hii?

SWALI: Shangazi shikamoo. Nakaa Likoni, mimba yangu ina miezi saba na kila asubuhi navuka feri kwenda kazini, watu wamebanana na kila mtu akohoa. Daktari kaniambia nichanjwe flu lakini mama mkwe hataki hata kusikia, asema sindano yenyewe ndo itanitia mafua na kumdhuru mtoto, ninywe chai ya tangawizi tu. Kiliniki nishadungwa ya pepopunda, haitoshi? – Mja mzito, Likoni

JIBU: Marahaba mwanangu. Ya pepopunda ni ya pepopunda, haina habari na flu. Chai kunywa, yatuliza koo, ila kinga haileti. Virusi vya kwenye sindano vishauliwa, haviwezi kukupa ugonjwa, utaumwa mkono siku moja mbili na labda kijoto kidogo basi. Iko nyengine ya kupuliza puani yenye virusi hai, hiyo ndo mja mzito hapewi. Shirika la Afya Duniani lasema mja mzito achanjwe mwezi wowote wa mimba, kwa sababu flu kwake yaweza kugeuka nimonia ama akazaa kabla ya siku zake.

Lakini mie nnayemfikiria zaidi ni huyo mtoto. Chanjo ya flu hapewi mpaka atimize miezi 6, kwa hivyo muda wote huo ategemea kinga iliyompitia kwenye kondo na ile ya maziwa yako, na sisi Mombasa twajijuwa, arobaini haijesha nyumba imejaa wageni, huyu ambusu, yule amnusa, mwengine karudi umra juzi na kikohozi chake. Hapo mpe mkwe kazi ya kusimamia mlango, ataipenda hiyo.

Kinga yataka kama wiki 2 kushika, basi usingoje uchungu. Si kila kiliniki wanayo na mara nyingi ni ya kulipia, piga simu uulize kwanza. Ukijifungua kabla hujachanjwa bado waweza, hata ukinyonyesha.

Ukishikwa na homa usijiambie ni mafua tu, huku kwetu kuna malaria na dengi, nenda upimwe. Joto meza paracetamol, Brufen wacha. Na flu ikikupata ushazaa usimwachishe ziwa, vaa barakoa, nawa mikono, nyonyesha. Ila kifua kikibana ama mtoto tumboni hachezi kama kawaida, nenda hospitali usiku huo huo.