Uliza Mjomba: Pazia si ukuta

Shikamoo mjomba. Mie ni weita kwa klabu moja huku Mtwapa, mwaka wa tatu sasa. Kona ya wavutaji yetu ni meza nne na pazia la plastiki, tena feni iko upande wao, inasukuma moshi wote mpaka kaunta. Nikirudi nyumbani alfajiri mwanangu ananusa nywele zangu anasema mama unanuka jivu. Kikohozi nacho kina mwezi sasa hakiishi. Nikimwambia manaja ananiambia kama sitaki moshi niende nikauze maziwa. Ana haki kweli?
Weita, Mtwapa

Marahaba mwanangu. Hana haki, na hayo maziwa ayauze yeye. Sheria ya Kenya ya kudhibiti tumbaku ni ya 2007, imeanza kazi 2008, baa na klabu zimo ndani yake, mtu akitaka kuvuta humo ndani lazima iwe sehemu iliyotengwa kabisa na hewa yake itolewe nje, sasa pazia la plastiki na feni ya kusukumia watu moshi hiyo ni kona gani? Anayevuta pasiporuhusiwa anaweza kupigwa faini hadi shilingi 50,000 au jela miezi sita au vyote viwili, na mwenye baa naye hawezi kusema hakuona. Usiende peke yako kwa manaja, nendeni wawili watatu, akizidi kuleta maneno yake ya maziwa mwoneni afisa wa afya ya umma wa kaunti, hiyo ndio kazi yake. Lakini kwanza hicho kikohozi. Mwezi mzima umekaa nacho unangoja nini? Kesho asubuhi nenda hospitali upimwe TB, usijiambie ni moshi tu.

Mjomba mnatuonea sana. Barabarani Nairobi ukiwasha fegi kanjo, hao askari wa kaunti, wamekukamata, sasa hata baa? Baa ni pa watu wazima, asiyependa moshi abaki kwake. Na mkitufukuza hizo baa zitafunga, mtaniambia.
Mvutaji, Nairobi

Ndugu yangu, ya kanjo nakubali, wengine wanakamata wakitafuta chai tu. Ila maneno ya baa kufunga yalisemwa sana Ireland, wao ndio nchi ya kwanza kupiga marufuku sigara kwenye baa zote, Machi 2004, na mpaka leo ukienda Dublin baa zimejaa, wavutaji wanatoka nje mlangoni na mvua yao wanavuta wanarudi kwa bia. Wahudumu wa baa wa huko walipimwa kabla ya marufuku na tena baada ya mwaka, vifua vilikuwa na nafuu. Uingereza wakafuata 2007. Uganda hapa jirani wametupita kabisa, wao huvuti mpaka uwe mita 50 kutoka mahali pa umma.

Asiyependa abaki kwake, sawa, hiyo mwambie kastoma. Wewe unakaa saa mbili unalipa bili unaenda, huyu wa Mtwapa hapo juu yuko humo usiku kucha, siku sita kwa wiki, na hajawasha hata moja. Na ukitoka nje kuvuta usisimame mlangoni, moshi unarudi ndani.