Re: Roboti inasahau programu umeme ukikatika

Salaam mkuu. Unasema roboti yenu ya FANUC ya kupanga mifuko hapo Mtwara inaamka tupu kila umeme ukikatika. Usikimbilie kununua bodi ya elektroniki. Kagua kwanza betri ya lithiamu ya volti 3 kwenye bodi kuu ndani ya kabati la kuendeshea roboti. Ndiyo inayoshikilia kumbukumbu. Huku Lindi tulihangaika siku mbili, kumbe betri imekufa na soketi imeota kutu. Hewa ya chumvi hii!

Hifadhi nakala ya kila kitu kwenye flashi kabla hujagusa. Washa kabati nusu dakika, zima, badilisha betri ndani ya dakika 30.

Zile betri nne kubwa za kwenye kitako cha roboti, zinazotunza mkao wa viungo, ni habari nyingine: zibadilishe roboti ikiwa imewashwa, kitufe cha dharura kimebonyezwa. Ukikosea hapo, utapanga upya sifuri (mkao wa kuanzia) ya kila kiungo. Mimi nimeshika FANUC tu, aina nyingine sizisemei.