Fundi, Ulikuja Saa Nne Asubuhi

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Nansio, Ukerewe, alinitumia ujumbe. "Shikamoo fundi. Nimemaliza VETA, nimeshafunga sola nyumba tisa na zahanati moja. Sasa nataka stesheni za reli. Naanzia wapi?" Chini yake akaweka picha ya stesheni ya Guwahati kule India, paa limejaa paneli hadi bati halionekani.

Marahaba, mdogo wangu. Picha kama hiyo nami nilikuwa nayo. Niliiweka kwenye kioo cha simu nikawa naitazama kila nikiamka, na ndiyo iliyoniponza.

Najua wengi mnaosoma hapa mnaiwaza reli. SGR, reli mpya ya kisasa, ya Mwanza hadi Isaka, kilomita 341, inajengwa tunaiona, na fundi wa umeme jua akipita pale Fela kwenye reli hiyo lazima moyo umdunde. Wangu unadunda mpaka leo. Kwa hiyo acha niwasimulie kituo changu cha kwanza, msije mkalipa ada niliyolipa mimi.

Kulikuwa na mkandarasi, simtaji, aliyepata kazi ya kufunga sola kwenye kituo kimoja cha reli ya zamani, reli hii iliyofika Mwanza mwaka 1928. Akaniita nimfanyie kazi chini yake: ofisi ya tiketi, chumba cha abiria, stoo na nyumba mbili za wafanyakazi. Siku hiyo nilinunua viatu vipya. Mke wangu shahidi. Nikafika kituoni saa nne asubuhi na daftari, nikahesabu kompyuta mbili, printa, feni tatu, taa za ndani, redio ya mawasiliano. Nikapiga hesabu: uniti 6 kwa siku. Nikapiga picha nyingi sana. Saa saba mchana nilikuwa kwenye basi narudi mjini, nakula karanga.

Nikapanga paneli 8 za wati 330. Kwa jua la huku kwetu, ukikadiria saa tano za jua kali na ukitoa kinachopotea kwenye nyaya na inveta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa sola uwe wa kutumia nyumbani, unapata kama uniti 10. Nikajiona mkarimu: wanahitaji 6, nawapa 10! Betri 8 za volti 12, ampea-saa 200 kila moja. Hizo ni uniti 19 na ushee, lakini betri za jeli hazitakiwi kunyonywa zaidi ya nusu, kwa hiyo una uniti 9 na nusu za kutumia bila kuziumiza. Kazi ikapokelewa, tukapiga picha, nikazituma kwenye kila kundi la WhatsApp nililomo. Hata shemeji zangu waliokuwa wananiita "fundi redio" wakanyamaza.

Mwezi wa kumi na moja tangu kazi ipokelewe, betri zilikufa. Zote nane. Kufika pale nazikuta zimevimba kama maandazi.

Nilianza kumtafuta mchawi. Nikasema ni betri feki, nikasema ni radi, nikasema wafanyakazi wanachomeka pasi. Aliyenimaliza ni mzee mlinzi, Msukuma mmoja mpole, aliyekuwa ameketi kwenye gogo akinitazama nahangaika na mita yangu. Nilipomaliza kulalamika akaniambia, "Fundi, wewe ulikuja saa nne asubuhi. Treni huja usiku."

Nikamwomba nilale pale. Akanipa nusu ya blanketi lake. Saa kumi na mbili na nusu jioni taa za jukwaani zikawashwa, taa 14 za wati 60, na hazikuzimwa mpaka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Hesabu mwenyewe: ni uniti 10 kwa usiku mmoja, kabla hujagusa kompyuta wala friji ya mtu. Taa zile awali zilikuwa kwenye umeme wa gridi, ule wa TANESCO. Siku moja gridi ilikatika, abiria wakawa wanajikwaa gizani na mizigo, mtu mmoja akaziunganisha kwenye sola. Toka hapo hakuna aliyezirudisha. Simlaumu. Mama mwenye mtoto mgongoni na ndoo ya dagaa kichwani ana haki ya kuona anapokanyaga. Wa kulaumiwa ni mimi, niliyeipima stesheni kama napima shule ya msingi, ambako saa tisa alasiri watoto wameshaondoka.

Sasa turudi kwenye Guwahati. Stesheni ile ilianza kutumia umeme wa jua mwaka 2017, na ni kweli inapendeza. Lakini imeunganishwa na gridi. Mchana paneli zinazalisha, usiku stesheni inachota kwenye gridi. Blackfriars ya London ni hivyo hivyo: paneli 4,400 juu ya daraja la mto Thames, zilizokamilika mwaka 2014, na bado paneli zote hizo ni za kusaidia tu, stesheni haijaacha gridi. Wenzetu hawakubeba usiku wote kwenye betri. Mimi niliiga paa nikasahau waya uliopita chini yake. Na ukiwa na gridi pale kituoni, kabla hujawaza kurudisha umeme wa ziada, nenda kazungumze na shirika la umeme, TANESCO, kwanza, maana inveta ya kuunganishwa na gridi na ile ya betri ni wanyama wawili tofauti.

Na tusidanganyane kuhusu treni yenyewe. Treni ya SGR inavuta umeme wa volti 25,000 kutoka waya wa juu. Paneli za paa la stesheni haziwezi kumsukuma mnyama yule. Wahindi walipotaka kulisha waya wa treni kwa jua, kule Bina, waliweka paneli za megawati 1.7 chini, kwenye ardhi ya reli. Sisi mafundi wa mtaani riziki yetu iko kwenye majengo: tiketi, vyoo, taa, pampu ya maji, nyumba za watumishi. Usikidharau choo. Choo cha stesheni kikiwa na taa na maji, abiria atakuombea dua.

Ushauri wangu basi. Pima usiku. La pili, pima usiku tena, siku nyingine, maana treni haziji kila siku. Mawasiliano ya treni yape betri zake peke yake, zisichangie na friji wala soketi ya kuchaji simu. Ukishindwa hilo, iache kazi. Mambo ya mteremko wa paneli msinisumbue sana: Mwanza tuko nyuzi kama 2 na nusu tu kusini mwa Ikweta, jua liko utosini, weka nyuzi 10 ili mvua ioshe vumbi, basi. Ila mvua peke yake haitoshi. Kuna moshi wa dizeli, na ukiwa karibu na ziwa kuna wale korongo wenye vipara ambao kinyesi chao kinaweza kufunika robo ya paneli. Kivuli kidogo hivyo kinazivuta chini paneli zote zilizounganishwa kwa kufuatana na hiyo. Hata jiwe. Huku kwetu jiwe la kilimani linaweza kukuibia jua kuanzia saa tisa alasiri, na ukifika asubuhi hulioni kama ni mwizi. Inveta nazo, usizifunge chini ya taa. Wadudu wa ziwani wakija kama wingu wanajaza feni yake mpaka inanyamaza.

Vijana, mnapenda kupaa kabla ya kukaa. Mnapiga picha na ngazi, mnaandika "mkurugenzi" kwenye kadi, na hamjawahi kulala kwenye eneo la kazi hata usiku mmoja. Mlinzi anajua mzigo wa jengo kuliko injinia, lakini mnampita bila hata salamu. Mimi nilimpita.

Betri zile nilizirudishia kwa hela yangu. Niliuza pikipiki. Mkandarasi hajanilipa milioni 3 na laki 4 za mwisho mpaka leo, na tukikutana Kirumba anavuka barabara. Taa za jukwaani niliziwekea paneli na betri zake, nikazibadilisha kuwa za wati 15. Uniti 10 zikashuka hadi 2 na nusu. Mwaka wa nne huu zinawaka. Mzee mlinzi amestaafu, lakini kila Idi ananipigia simu.

Kijana wa Nansio nimemjibu: kabla ya kotesheni, chukua blanketi, nenda kalale kituoni siku mbili. Amenijibu baada ya dakika moja.

"Sawa fundi, nimekuelewa. Paneli za 550 zinauzwaje huko mjini?"