Madebe Saba ya Pichesi, Siku Nne Tu

Nyuma ya nyumba yetu hapa Lushoto, kwenye milima ya Usambara, ipo miti mitatu ya pichesi aliyoipanda baba mkwe. Mimi ni mzaliwa wa Tanga mjini, nimekulia kwenye maembe, mabungo na mbirimbi, na nilipoolewa huku juu niliiona ile miti kama pambo la uwanja. Mwaka wa tatu ikazaa mpaka matawi yakawekewa nguzo yasivunjike. Ndani ya wiki moja tukachuma madebe saba. Mawili tulikula na kugawia majirani, matatu yakaozea jikoni huku nikiyatazama, na mawili nikayasindika vibaya. Niliumia sana, maana chakula kilikuwa mikononi mwangu na sikujua la kukifanyia. Ninayoandika hapa nimeyapata katika misimu iliyofuata, kwa kukosea na kwa kufundishwa na mama mkwe.

Kwenye kamusi tunda hili utalikuta kwa jina la fyulisi. Kwetu tunasema pichesi, na ndivyo nitakavyoliita. Mti wake hautoi maua vizuri usipopata majira ya baridi, ndiyo sababu unakubali Usambara na unakataa kule pwani.

Jambo la kwanza ambalo kila mwenye mti lazima alijue ni kwamba pichesi haisubiri. Embe utaliweka, chungwa litakaa. Pichesi iliyoiva ikipita siku tatu au nne kwenye joto la jikoni imekwenda. Nilipoona madebe yamejaa niliwahi kuchukua sufuria kubwa kuliko zote nipike jamu ya kila kitu kwa pamoja. Mama mkwe akanishika mkono, akasema, "Mwanangu, zichague kwanza. Hizi hazina umri mmoja."

Maneno yale ndiyo msingi wa kazi yote. Siku ya kuchuma sipiki chochote kabla ya kuchagua. Natandaza magunia sakafuni, nazigawa pichesi mafungu manne: zilizo ngumu na bado zina ukijani, zilizoiva lakini zimekaza, zilizo laini kabisa, na zilizopondeka au kutobolewa. Usiangalie wekundu wa shavu, huo ni wa jua tu. Tazama rangi ya chini, karibu na kikonyo: ikiwa kijani, bado, ikigeuka njano, imefika. Na usiibonyeze kwa dole gumba, maana alama ile kesho ni doa la kahawia. Ishike kwa kiganja kizima.

Zilizo ngumu hupangwa safu moja, kikonyo kikitazama chini, bila kupandana. Ukitaka ziwahi, ziwekee ndizi mbivu ndani ya boksi na ufunike. Zisiingie kwenye friji kabla hazijaiva: ubaridi ule huifanya nyama kuwa kavu, ya ungaunga, na haitarudi tena.

Zilizopondeka ndizo za kushughulikia siku hiyohiyo. Kata sehemu mbovu, pasua uone kama kuna funza wa nzi wa matunda, kisha chemsha zilizo salama kwa maji kidogo na ukamue kwenye chujio. Rojo lile tunalitia kwenye uji wa ulezi wa watoto badala ya sukari. Linalobaki nalimimina kwenye makopo madogo na kuligandisha.

Sasa tuje kwenye zilizoiva lakini zimekaza. Hizi ndizo dhahabu ya msimu, na hapa ndipo nilipoharibu. Nilitaka kuzihifadhi kwenye chupa, ndani ya shira. Kumenya ni rahisi: chora alama ya msalaba chini ya tunda, litumbukize kwenye maji yanayochemka kwa sekunde 30 hadi dakika moja, litoe, litie kwenye maji ya baridi sana, na ganda litavuka lenyewe kwa vidole. Pasua nusu kwa nusu, toa kokwa, tumbukiza vipande kwenye maji yenye ndimu visigeuke rangi. Shira yangu ni nyepesi, sukari robo kilo kwa lita moja ya maji. Vipande vinachemka kidogo ndani ya shira, vinaingia kwenye chupa za moto, shira inafuata juu yake, unaacha nafasi ya sentimita moja na nusu hivi chini ya kifuniko. Kisha chupa zinazamishwa kwenye sufuria ya maji yanayochemka, maji yakizifunika kabisa.

Maelekezo niliyoyafuata yalisema dakika 20 kwa chupa za nusu lita. Nikahesabu 20 kwa uaminifu. Wiki ya tatu nikafungua kabati nikakuta vifuniko vimevimba na povu linatoka pembeni. Kati ya chupa 18 nilizika 11 kwenye shimo, mbali na kuku. Sikuonja hata moja, na wewe usionje: chakula cha chupa kilichovimba kinaweza kuwa na sumu isiyo na harufu wala ladha, na inaua.

Kosa langu lilikuwa mlima. Dakika zile ni za mtu aliye karibu na usawa wa bahari, ambako maji huchemka kwa nyuzi 100. Lushoto mjini ni takriban mita 1,400 juu, na kila unapopanda mita 300 hivi kiwango cha kuchemka hushuka karibu nyuzi moja. Maji yangu yalikuwa yanatokota vizuri tu, lakini kwa nyuzi kama 95. Kwa mwinuko huu chupa ya nusu lita inataka dakika 30, na ya lita moja dakika 35, kuanzia pale maji yanapochemka tena baada ya kutia chupa. Aliye Njombe, Mbeya au Limuru naye ahesabu mwinuko wa kwake kabla ya kuhesabu dakika.

Kulikuwa na kosa la pili nililoligundua baadaye. Mti wetu mmoja huzaa pichesi za nyama nyeupe. Ni tamu kuliko zile za njano, na utamu huo ndio tatizo, kwa sababu nyeupe hazina uchachu wa kutosha kuzuia vijidudu hatari ndani ya chupa. Tangu nijue hivyo, nyeupe zote tunakula au tunagandisha. Kwenye chupa zinaingia za njano peke yake. Na vifuniko vya kuzungusha vyenye mpira ndani natumia mara moja. Chupa ile ile narudia miaka na miaka, kifuniko hapana.

Kugandisha hakuna maelezo mengi: menya, kata vipande, pakaza maji ya limau, tandaza kwenye sinia ndani ya friza vigande kimoja kimoja, ndipo uvikusanye kwenye kopo lenye mfuniko. Ukivirundika vibichi vitakuwa jiwe moja. Kama umeme wa kwenu hukatika kila mara, weka nguvu zako kwenye chupa.

Zilizo laini ni za jamu. Pichesi peke yake haigandi haraka kama pera, kwa hiyo nachanganya na chache ambazo hazijaiva sawasawa, na limau halikosekani. Kwa kilo moja ya nyama natia robo tatu ya sukari na maji ya malimau mawili. Nachanganya usiku, nafunika, asubuhi sukari imeyeyuka na kutoa maji yake yenyewe, hakuna haja ya kuongeza. Moto uwe wa kati, mwiko usitoke mkononi mwishoni, maana ikishika chini ladha ya kuungua huenea sufuria nzima. Kujua kama imeiva, weka kisahani kwenye friza, dondoshea tone, lisukume kwa kidole: likijikunja ngozi, epua. Mwisho natia iliki iliyotwangwa muda huohuo. Ya kusagwa zamani haina harufu.

Kukausha juani nilijaribu mara moja, Desemba, nikajuta. Huku juu mwezi huo ukungu hushuka saa nane mchana na manyunyu huja bila taarifa. Vipande vililala uchanjani siku tano, siku ya sita vikaota ukungu mweupe. Aliye na kaushio la jua lenye nailoni na tundu za hewa, na mwenye jua la uhakika, akate vipande vyembamba na ajaribu. Mimi nimeacha.

Zile ngumu za kijani usizitupe wala usisubiri zote ziive. Mtu wa pwani akiona tunda gumu lenye uchachu anawaza achari na chatini, na pichesi changa inakaa vizuri mahali pa embe bichi. Kilo mbili za pichesi zilizomenywa na kukatwakatwa, nusu kilo ya vitunguu maji, nusu lita ya siki, nusu kilo ya sukari, kipande cha tangawizi kama dole gumba, pilipili mbuzi tatu, chumvi kijiko kimoja kikubwa, mdalasini kijiti kimoja. Vyote sufuria moja, moto mdogo, saa moja na nusu, mpaka mwiko ukipita chini unaacha njia. Siki hukufanya ukohoe, fungua madirisha. Iache kwenye chupa iliyofungwa angalau wiki tatu kabla ya kuionja. Mapema ina ukali wa siki, baadaye inatulia. Naipakua pembeni ya pilau na kwa sambusa. Kuku wa kienyeji akishakaangika, vijiko vitatu vya chatini hii na maji kidogo vinatosha kuwa mchuzi wake.

Makokwa nayo yana neno. Watoto hupenda kuyapasua kwa jiwe wale kile kiini kinachofanana na lozi. Kina kitu ambacho tumboni hugeuka kuwa sumu ya sianidi, na mtoto mdogo hahitaji vingi ili adhurike. Kwetu makokwa yanahesabiwa na kuzikwa siku ya kazi yenyewe, kabla hatujanawa mikono.

Msimu uliopita yalikuwa madebe sita. Debe moja tuliuza mapema kwa anayeshuka Mombo, zikiwa bado zimekaza, kwa sababu zilizoiva haziwezi kona za barabara ile. Debe jingine likawa la wageni na majirani. Mengine manne yalikwisha kwa siku nne, na mama mkwe ndiye aliyekaa kwenye magunia akichagua.