"Asante kwa kazi" au "pole na kazi"?

SWALI: Ndugu Mhariri, nafundisha Kiswahili Mukono, Uganda. Wanafunzi wakinikuta nafua huniambia, "Asante kwa kazi, mwalimu." Niwasahihishe?

JIBU: Mwalimu, sarufi yao haina kasoro. Wanatafsiri Kiganda: "webale emirimu", shukrani anayopewa mtu aliye kazini, hata kama nguo anazofua si zako. Mpishi naye huambiwa "webale kufumba". Kiganda kinaipongeza kazi yenyewe. "Pole na kazi" inamwonea huruma anayechoka. Ndiyo maana baadhi ya wanafunzi huikwepa "pole", wakidhani ni ya msibani tu.

Mwambie mtu wa Tanga "asante kwa kazi" na atajiuliza amekufanyia kazi gani. Hata hivyo, usiwakate kwa kalamu nyekundu. Wagawe wawili wawili: mmoja afagie, mwingine apite na kusema "pole na kazi", ajibiwe "nishapoa" au "asante". Waitamke kwa wepesi. Wakiivuta "poooleee" itageuka rambirambi kweli. Kwa mtu mzima, "shikamoo" itangulie.

Nyumbani Mukono, waacheni washukuriane. Mbona tamu tu!