Kitenge kipya na apdeti ya kompyuta

SWALI: Kaka habari, nna steshenari ndogo hapa Mwanga, Kigoma. Mdogo wangu wa chuo ananambia eti hesabu za watu wa masoko zinatumika kwenye usalama wa programu za kompyuta, ananizingua au?

JIBU: Wala hakuzingui dada. Mmarekani mmoja mtaalamu wa masoko, Frank Bass, mwaka 1969 alitoa modeli, yaani hesabu, ya bidhaa mpya inavyoenea: wachache wananunua bila kumsikiliza mtu, wengi wanasubiri waone kwa wenzao. We si unaona kitenge kipya kikishuka toka Kongo, wawili watatu wanakivaa Jumapili, wiki mbili mbele kila fundi cherehani anacho mezani, halafu kinapoa.

Sasa toa kitenge weka apdeti. Microsoft walitoa apdeti ya kuziba tundu moja la usalama kwenye Windows Machi 2017, WannaCry (kirusi kinachofunga mafaili na kudai hela) ikaingia Mei kwa tundu hilohilo na bado ikakuta kompyuta kibao hazijawekewa hiyo apdeti! Ila hapo modeli inabidi uirekebishe, maana kitenge jirani anakiona ila apdeti nani anaiona (na bando nalo linaliwa), so kuigana kunakuwa kudogo sana.

Na hiyo kompyuta yako ya kuchapia umeibonyezea "baadaye" mara ngapi mpaka sasa?